Mwongozo kamili wa kutazama na kuchora seli ya mnyama, kwa wanafunzi wanaokosa alama palepale kila muhula

Kila muhula napokea michoro ya seli za shavu yenye kosa lilelile. Mwanafunzi ametazama kwenye hadubini ya shule, ameona kitu bapa cha buluu chenye kitone cheusi ndani. Kisha amegeukia daftari na kuchora mitokondria sita, ribosomu tele, mwili wa Golgi na sentrioli mbili. Nikimuuliza ameviona wapi, ananionyesha vitone vidogo vilivyotapakaa juu ya seli. Vile vitone ni bakteria wa mdomoni.

Si uvivu. Wanafunzi hawa wamesoma, na wanaweza kukutajia kila sehemu ya seli. Tatizo ni kwamba wamechanganya michoro miwili kwenye karatasi moja: mchoro wa kile ambacho hadubini ya mwanga huonyesha, na mchoro wa kile ambacho hadubini ya elektroni huonyesha. Mtahini akiuliza wa kwanza ukampa wa pili, anakunyima alama hata kama kila jina umeliandika sawasawa.

Mwongozo huu unaitenganisha hiyo michoro, mmoja baada ya mwingine. Nimeuandika hasa kwa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, wawe Nakivale, Kyaka, Arua au Kampala, ambao mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wataiandika kwa Kiingereza. Elewa kwanza kwa lugha yako. Tahajia ya Kiingereza utaikariri kutoka kwenye kitabu cha darasa kwa muda mfupi, lakini kuelewa hakukaririwi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Weka vyote mezani kwanza. Seli hukauka upesi, na ukianza kutafuta kifunikio wakati tone tayari liko kwenye slaidi, umeshachelewa.

- Hadubini yenye lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi za chini za mara 4, 10 na 40
- Slaidi 2 safi na vifunikio 2 au 3, kwa sababu kimoja kitavunjika
- Vijiti vya pamba vipya, kimoja kwa kila mtu
- Maji ya chumvi ya asilimia 0.9
- Rangi: methilini buluu. Ikikosekana, iodini, au GV ya duka la dawa, ile ya zambarau inayopakwa kwenye vidonda, iliyozimuliwa kwa maji
- Karatasi laini ya kunyonya, na sindano au ncha ya penseli
- Chombo chenye Jik (dawa ya kung'arishia nguo, inayoua vijidudu) iliyochanganywa na maji, cha kutupia vitu vilivyotumika
- Penseli ya HB iliyochongwa vizuri, kifutio, karatasi nyeupe isiyo na mistari, na rula ya plastiki inayopitisha mwanga

Maji ya chumvi ni rahisi kuyapata. Duka la dawa huuza chupa ya maji ya dripu ya asilimia 0.9. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, pima gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji. Bila mizani, kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu kati ya 5 na 6, kwa hiyo kinatosha maji ya karibu mililita 600.

Kwa nini usitumie maji matupu? Kwa sababu seli ya mnyama haina ukuta. Maji matupu huingia ndani yake kwa osmosisi, nayo huvimba, na nyingine hupasuka. Seli ya kitunguu ingevumilia, kwa sababu ukuta wake wa selulosi unaizuia isipasuke. Hapo umeshapata tofauti moja kubwa ya mnyama na mmea kabla hujagusa hadubini.

# Sehemu ya kwanza: seli unayoiona kwa macho yako

## Hatua ya 1: Chukua seli

Sukutua kinywa kwa maji safi na uyateme. Hii hupunguza mabaki ya chakula, maana chembe za posho au maharage zikipakwa rangi hukupotezea muda mwingi.

Sugua upande wa ndani wa shavu kwa kijiti cha pamba, polepole, mara 5 hadi 10. Hupaswi kuumia. Seli za juu zinajitoa zenyewe kila siku, wewe unaziokota tu.

Onyo: Kijiti chako ni chako. Usimpe mwenzako, usiweke mezani, usikirudishe kwenye pakiti. Mate na damu ya ufizi vinaweza kubeba magonjwa, homa ya ini aina ya B ikiwamo. Kijiti kikishatumika, kinakwenda moja kwa moja kwenye chombo cha Jik.

Shule nyingine haziruhusu seli za shavu kwa sababu hiyohiyo, na ni uamuzi wa kuheshimiwa. Katika hali hiyo, nunua ini bichi la kuku au la ng'ombe lililochinjwa siku hiyo. Kwaruza kipande kilichokatwa kwa ncha ya kijiti na uendelee na hatua zinazofuata. Seli za ini ni ndogo kuliko za shavu na viini vyake ni vya mviringo. Vinaonekana vizuri.

## Hatua ya 2: Paka kwenye slaidi

Weka tone moja la maji ya chumvi katikati ya slaidi. Zungusha kijiti ndani ya tone hilo kwa sekunde chache. Tone linapaswa kuwa na ukungu kidogo. Likiwa jeupe kama maziwa, seli ni nyingi mno. Zitalaliana na hutaona hata moja kwa ukamilifu.

Wanafunzi wengi hukosea hapa wakidhani seli nyingi ni bora. Unahitaji seli moja nzuri.

## Hatua ya 3: Weka rangi

Bila rangi, seli ya shavu inapitisha mwanga karibu wote. Utatazama nusu saa usione kitu, kisha useme hadubini ni mbovu.

Dondosha tone dogo la methilini buluu. Rangi hii hushikamana zaidi na asidi za nukleiki, yaani DNA na RNA, ndiyo maana kiini huwa cheusi kuliko sehemu nyingine. Subiri dakika 1 hadi 2.

Kisha punguza rangi. Gusisha karatasi ya kunyonya ukingoni mwa tone. Rangi iliyobaki ikiwa nzito, ongeza tone la maji ya chumvi na unyonye tena. Unataka rangi ya anga iliyopauka. Buluu ya wino ikijaa kila mahali, kiini na sitoplazimu vitafanana.

## Hatua ya 4: Funika bila mapovu

Simamisha kifunikio kwa mshazari, ukingo mmoja ukigusa tone. Kitegemeze kwa sindano na ukishushe taratibu. Hewa hutoka upande wa pili kadiri maji yanavyosambaa. Ukikiangusha moja kwa moja kutoka juu, hewa hunaswa chini yake.

Jifunze sura ya povu sasa, kabla halijakudanganya: ni duara kamilifu, lenye ukingo mnene mweusi unaong'aa kwa ndani, na halina kitu katikati. Seli ya shavu haina ukingo mnene, haina umbo la duara kamilifu, na ina kiini.

Futa maji yaliyotoka pembeni. Slaidi yenye maji chini hunata kwenye jukwaa la hadubini na huchafua lenzi.

## Hatua ya 5: Tafuta seli kwa lenzi ndogo kwanza

Anza na lenzi ya mara 4. Eneo unaloliona ni pana, kwa hiyo uwezekano wa kukuta seli ni mkubwa. Anayeanza na lenzi ya mara 40 anatafuta sindano shambani, tena anaweza kuvunja slaidi.

Ukitazama kwa pembeni, si ndani ya lenzi, tumia skrubu kubwa kuleta lenzi karibu na slaidi. Sasa weka jicho na uizungushe upande wa pili, lenzi ikienda mbali na slaidi, mpaka picha itokee. Ukifuata mwelekeo huu, lenzi haiwezi kugonga kioo.

Ukiona vidoa vya buluu vilivyotawanyika kama majani makavu juu ya maji, hizo ndizo. Lete kidoa kimoja kilicho peke yake katikati. Hamia mara 10, rekebisha. Hamia mara 40, na kuanzia hapo tumia skrubu ndogo tu.

Kuhusu mwanga: umeme ukikatika, hadubini yenye kioo inafanya kazi vizuri kabisa karibu na dirisha. Lakini usielekeze kioo kwenye jua lenyewe. Jua la Uganda saa sita mchana, likikusanywa na lenzi, linaweza kuunguza jicho kabisa. Elekeza kioo kwenye anga au kwenye ukuta mweupe wa nje.

Kisha punguza mwanga kwa kiwambo kilicho chini ya jukwaa. Watu hudhani mwanga mwingi ndio bora. Seli nyembamba inahitaji mwanga wa wastani ili kingo zake zijitokeze. Zungusha kiwambo taratibu na utaona mpaka wa seli ukijichora wenyewe.

## Hatua ya 6: Amua unachokiona kweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Kabla ya kugusa penseli, tazama kwa dakika 3 nzima. Ukiwa na simu, weka kamera yake juu ya lenzi ya jicho upige picha, maana slaidi itakauka na picha itabaki.

Kwa jumla ya mara 400, seli ya shavu iliyopakwa rangi inakuonyesha vitu vitatu:

Cha kwanza ni mpaka wa seli, mstari hafifu usio na umbo maalumu, wakati mwingine umekunjika. Mkunjo huonekana kama mstari mnene, na wanafunzi huuita ukuta wa seli. Si ukuta. Ni seli bapa iliyojikunja kama kona ya karatasi.

Cha pili ni sitoplazimu, buluu hafifu, yenye punjepunje zisizo na umbo.

Cha tatu ni kiini, kitone cheusi cha mviringo au cha yai.

Basi. Na vile vitone vidogo vya buluu nzito, vingine viwiliviwili, vingine kama minyororo? Ni bakteria wanaoishi mdomoni mwa kila mtu mwenye afya. Wengi wana upana wa karibu mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Utawatambua kwa sababu wengine wako nje ya seli kabisa, wakielea kwenye maji. Ribosomu haiwezi kuelea nje ya seli ikaonekana kwa hadubini ya shule. Ukitaka kuwachora, wachore, ila uandike bakteria.

Kwa nini oganeli nyingine, yaani sehemu ndogo za ndani ya seli, hazionekani? Mwanga una kikomo chake. Vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya mikromita 0.2 huonekana kama kimoja hata kwa lenzi bora kabisa ya mwanga. Lenzi ya mara 40 ya shule huishia karibu mikromita 0.4. Ribosomu ina nanomita 20 hadi 30, yaani chini ya mikromita 0.03. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hadi 10. Kuongeza ukuzaji hakusaidii: unapata ukungu mkubwa zaidi.

Hapo mwanafunzi makini huniuliza, "Mwalimu, kama utando ni mwembamba hivyo, mpaka tunaouona ni nini?" Swali zuri sana. Unaona mahali sitoplazimu yenye rangi inapoishia na maji yanapoanza. Utando uko hapo, na tunaruhusiwa kuandika jina lake hapo, lakini unene wake huuoni. Ndiyo maana kwenye mchoro huu mpaka ni mstari mmoja, si miwili.

Mitokondria ziko mpakani mwa uwezo wa hadubini ya mwanga. Upana wake ni mikromita 0.5 hadi 1, na kwa rangi maalumu ya seli hai zinaweza kuonekana kama vitone au nyuzi. Kwa methilini buluu kwenye seli ya shavu, usizichore.

## Hatua ya 7: Chora

Chagua seli moja iliyotulia, isiyokunjika sana. Tumia penseli pekee.

Mchoro uwe mkubwa, upana wa karibu milimita 90. Mstari uwe mmoja, usiokatika. Wengi wetu tulizoea kuchora kwa kukwaruzakwaruza kama msanii anayetafuta umbo. Kwenye baolojia mstari wa namna hiyo unasomeka kama manyoya. Usitie kivuli. Sitoplazimu inaweza kuwekewa nukta chache, na ni afadhali usiweke kabisa.

Angalia uwiano wa kiini. Seli ya shavu ina upana wa takribani mikromita 50 hadi 80, kiini chake karibu 8 hadi 10. Kwa hiyo seli ikiwa milimita 90 kwenye karatasi, kiini kinakuwa karibu milimita 11, ukubwa wa kifungo cha shati. Karibu kila mchoro ninaosahihisha una kiini cha ukubwa wa kizibo cha chupa ya soda. Mtahini anayejua kazi yake anatambua papo hapo kwamba hukutazama.

Mistari ya majina ichorwe kwa rula, iguse hasa sehemu inayotajwa, isiwe na vichwa vya mishale, isikatane. Majina yote yapangwe upande mmoja, kwa mlalo. Juu au chini andika kichwa kinachotaja ni seli gani, ya nani, na imetazamwaje. "Seli" peke yake haitoshi.

## Hatua ya 8: Pima, kisha kokotoa ukuzaji wa mchoro

Kosa la pili kwa wingi: mwanafunzi anaandika chini ya mchoro "×400" kwa kuwa ndivyo hadubini ilivyosomeka. Mara 400 ni ukuzaji wa hadubini. Mchoro una ukuzaji wake, kwa kuwa karatasi yako ungeweza kuijaza kwa mchoro mdogo au mkubwa.

Weka rula ya plastiki kwenye jukwaa chini ya lenzi ya mara 4. Hesabu milimita ngapi zinaonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Tuseme ni milimita 4.5 kwa jumla ya mara 40.

Ukihamia mara 400, umekuza mara 10 zaidi, hivyo duara linaonyesha sehemu moja ya kumi: milimita 0.45, sawa na mikromita 450.

Kadiria ni seli ngapi kama yako zingepangwa kwenye kipenyo hicho. Zikiwa 6, kila moja ina mikromita 75.

Sasa gawanya ukubwa wa mchoro kwa ukubwa halisi, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Milimita 90 ni mikromita 90,000. Ukigawanya kwa 75 unapata 1,200. Andika ×1,200.

Hesabu hii inakulipa mara mbili. Kwa ukuzaji huo, utando wa nanomita 7 ungekuwa na unene wa milimita 0.0084 kwenye karatasi yako. Mstari wa penseli una karibu nusu milimita, yaani mnene mara 60 kuliko inavyotakiwa. Nukta ya ribosomu ungehitaji kuichora kwa milimita 0.03. Penseli ya namna hiyo haipo.

Umefaulu sehemu hii ikiwa mchoro wako una majina matatu tu, kiini chenye uwiano, ukuzaji uliokokotolewa, na mwenzako akiitazama slaidi anaweza kukuonyesha ni seli ipi uliyoichora.

## Hatua ya 9: Safisha

Slaidi, kifunikio na kijiti vikae kwenye Jik kwa angalau nusu saa. Osha mikono kwa sabuni. Rudisha lenzi ya mara 4 kabla ya kufunika hadubini.

# Sehemu ya pili: seli ya hadubini ya elektroni

Geuza karatasi. Huu ni mchoro mwingine kabisa, na hauchorwi kwa kutazama slaidi yako. Hapa elektroni zimechukua nafasi ya mwanga, na vitu vya nanomita chache vinaonekana.

Usikariri oganeli kama orodha ya sokoni. Orodha hupotea kwenye chumba cha mtihani. Mimi hufundisha kwa kufuata safari ya kitu kimoja kinachotengenezwa, na ninachokipenda ni insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa sababu wengi wamesikia kuhusu kisukari na neno hilo si geni.

## Hatua ya 10: Fuata insulini kutoka kiini hadi nje

Tuko ndani ya seli ya beta ya kongosho, ndiyo inayotengeneza insulini. Soma aya hizi ukiwa na penseli mkononi, na kila sehemu inapotajwa ichore.

Maagizo ya insulini yako kwenye DNA, ndani ya kiini. Chora kiini kwa mistari miwili inayolingana, kwa sababu kimezungukwa na utando radufu, na uache mapengo madogo: hayo ni matundu ya kiini. Ndani weka kitone cheusi cha mviringo, nukleoli, panapotengenezwa sehemu za ribosomu. Wengi husahau matundu, na bila matundu nakala ya maagizo, mRNA, haina pa kutokea.

mRNA ikitoka inakutana na ribosomu. Ribosomu inasoma na kuunga asidi amino, na kabla haijafika mbali inajishikiza kwenye retikulamu ya endoplazimu yenye chembe. Ichore kama vifuko bapa vilivyopangana, vinavyoungana na utando wa nje wa kiini, vikiwa na nukta kwa nje. Kwa nje, narudia. Nukta za ndani ni kosa la kila mwaka. Mnyororo unaoingia humo una asidi amino 110. Kipande cha mwanzo kinakatwa, mnyororo unajikunja na kufungwa kwa viunganishi vya salfa.

Kifuko kidogo kinachomoka kikiubeba hadi mwili wa Golgi, rundo la vifuko bapa vilivyopinda, kwa kawaida 4 hadi 8, visivyogusana wala kuunganishwa na kiini. Upande mmoja unapokea, upande wa pili unatoa. Chora vifuko vidogo kwenye pande zote mbili, la sivyo mtahini hajui kama umeelewa kazi yake.

Ndani ya vifuko vinavyotoka Golgi, kipande cha katikati cha mnyororo kinaondolewa. Kinachobaki ni insulini yenyewe, asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Vifuko vinangoja. Sukari ya damu ikipanda, vinasogea kwenye utando wa seli, tando zinaungana, na insulini inamwagwa nje. Chora kifuko kimoja kikiwa katikati ya kufunguka.

Safari yote inadai ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na hiyo hutoka kwa mitokondria. Chora tando mbili: wa nje laini, wa ndani uliokunjwakunjwa. Mikunjo hiyo, krista, ni utando wa ndani wenyewe ukiingia ndani. Usiichore kama vijiti vinavyoelea katikati. Ianze kwenye utando wa ndani na irudi humo.

Vilivyochakaa njiani huishia kwenye lisosomu, mfuko wa mviringo wenye utando mmoja na vimeng'enya vya kumeng'enya vinavyofanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 5.

Viwili vimebaki nje ya safari. Retikulamu laini ni mirija isiyo na ribosomu. Hutengeneza lipidi na steroidi, na kwenye ini husaidia kubadilisha sumu na dawa. Sentrioli ni mbili, karibu na kiini, zimelaliana kwa pembe mraba. Ukizikata kwa mkato wa mlalo utaona makundi 9 ya mirija mitatumitatu.

Usichore ukuta wa seli, kloroplasti, wala vakuoli kubwa ya katikati. Hivyo ni vya mmea.

## Hatua ya 11: Geuza mchoro kuwa majibu

Swali likisema "eleza uhusiano wa umbo na kazi", wanafunzi huandika: mitokondria hutoa nguvu. Hilo ni jibu la S.1, kidato cha kwanza. Ukiwa S.5, kidato cha tano, unatakiwa ufunge viungo vitatu kwa sentensi moja: sehemu, umbo lake, na kile ambacho umbo hilo linawezesha.

Mfano: krista huongeza eneo la utando wa ndani, ambako ndiko viliko vimeng'enya vinavyotengeneza ATP, kwa hiyo mitokondria moja inaweza kubeba vingi zaidi na kutengeneza ATP zaidi. Andika sentensi ya aina hiyo kwa kila oganeli uliyoichora, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha mtihani. Ukikwama kwenye Kiingereza lakini Kiswahili kimetoka sawasawa, tatizo lako ni maneno machache ya msamiati. Ukikwama kwenye Kiswahili, rudi hatua ya 10.

## Hatua ya 12: Jipime bila kitabu

Funga kila kitu. Kwenye karatasi tupu, andika seli hizi tano: seli nyekundu ya damu ya mtu mzima iliyokomaa, seli ya misuli ya moyo, seli ya kongosho, makrofaji (seli ya kinga inayomeza vijidudu), na mbegu ya kiume. Mbele ya kila moja andika oganeli ipi imezidi, ipi imekosekana, na kwa nini.

Ya kwanza ndiyo mtego. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haina mitokondria, haina ribosomu. Nafasi yote imeachiwa himoglobini, na kwa kukosa mitokondria haitumii oksijeni inayoibeba. Moyo una mitokondria tele, kwa kuwa haupumziki. Kongosho lina retikulamu yenye chembe na Golgi kubwa, na wewe sasa unajua sababu. Makrofaji ina lisosomu nyingi za kumeng'enya bakteria iliowameza. Mbegu ya kiume ina mitokondria zilizojipanga kuzunguka kipande cha katikati, mwanzoni mwa mkia, karibu na injini inayozihitaji, na sitoplazimu yake ni haba mno.

Ukipata zote tano na sababu zake, mpe mwenzako karatasi tupu na umsikilize akijibu, ila kwanza mwonyeshe bakteria kwenye slaidi.